Romney alichemka, Trump alichemka, mbona mmoja ndo alishinda?

Msomaji mmoja kaniandikia hivi: "Mwaka 2012 Romney alirekodiwa kwa siri akiwasema vibaya asilimia 47 ya Wamarekani, akashindwa. Mwaka 2016 ikatoka ile sauti ya Trump na maneno yake machafu kuhusu wanawake, akashinda. Afu 2024 Biden kafanya mdahalo mmoja tu mbovu, akaondoka kabisa. Sasa ni kosa lipi linamwangusha mgombea kule na lipi halimwangushi? Na hizi kura za maoni tuziamini au ni usanii mtupu?"

Ndugu yangu umeuliza mawili kwa mpigo lakini kwa kweli ni swali moja, maana tunajua kosa "limemwumiza" mgombea kwa kuangalia kura za maoni, yaani zile tafiti za kuhoji watu watampigia nani, na kama kura za maoni zenyewe zinadanganya basi hata stori ya kosa inakuwa ya uongo. Nianze na Romney, mgombea wa Republican aliyepambana na Obama wa Democratic, hapo ndo watu wengi wamekariri kitu ambacho hakikwenda hivyo.

Ile kauli aliitoa 17 Mei 2012 huko Boca Raton, Florida, nyumbani kwa tajiri mmoja, kwenye chakula cha jioni cha kuchangisha hela za kampeni, kiti kimoja dola 50,000. Kaulizwa atashindaje, na yeye akajua yupo na watu wake tu, akafunguka: kuna asilimia 47 ya watu watampigia Obama hata iweje, wanaitegemea serikali, wanajiona wameonewa, kodi ya mapato hawalipi, na kazi yake yeye si kuhangaika na watu hao. Kumbe mhudumu wa vinywaji ana kamera na inarekodi. Video ikakaa kimya miezi minne, halafu 17 Septemba jarida la Mother Jones likaiachia, zimebaki wiki saba tu watu wapige kura, na televisheni zikairudia mpaka ikachosha.

Sasa angalia namba. Taasisi ya Pew ilimaliza kuhoji watu 16 Septemba, yaani siku moja kabla video haijatoka, na Obama alikuwa mbele 51 kwa 43. Kwa hiyo Romney alikuwa ameshaachwa hata kabla hajaumbuka. Afu ikaja 3 Oktoba, mdahalo wa kwanza kule Denver, Obama akaja amepoa, muda mwingi kainamia karatasi zake, Romney kachangamka kuliko alivyowahi kuonekana mwaka mzima ule. Pew wakarudi kuhoji tarehe 4 mpaka 7 Oktoba wakakuta Romney 49, Obama 45. Yaani pointi 12 zimehama ndani ya wiki tatu, na zimehama kwenda kwa mtu ambaye ndo kwanza katoka kuwatukana karibu nusu ya wapigakura! Wachambuzi wa Democratic wakaanza kulia hewani. Na Gallup, jina kubwa kuliko yote kwenye kazi hii, mpaka utafiti wao wa mwisho kabisa walikuwa wanampa Romney uongozi wa pointi moja.

Matokeo? Obama 51.1, Romney 47.2. Ndiyo, aliishia kwenye 47 yake, Mungu naye ana utani.

Sasa zile pointi 12 zilienda wapi na zilirudije? Hapa ndo kuna utafiti ambao mimi nauona ni wa maana kuliko midahalo yote ya mwaka ule. Akina Andrew Gelman na David Rothschild na wenzao walikuwa wanahoji watu kupitia Xbox, ile mashine ya gemu, na uzuri wake ni kwamba walikuwa wanaweza kumuuliza mtu yuleyule leo, na wiki ijayo, na wiki nyingine tena. Zaidi ya watu 300,000 walishiriki. Wakagundua kwamba baada ya Denver, waliohama kweli kutoka kwa Obama kwenda kwa Romney walikuwa wachache sana, kilichobadilika zaidi ni nani anakubali kujibu. Wademokrat walivunjika moyo wakawa hawataki kuulizwa habari za uchaguzi, Warepublican wakapata moto, kila akiulizwa anajibu. Unajua Simba ikifungwa na Yanga, kesho yake grupu la WhatsApp linavyokuwa, mashabiki wa Simba wote wamezima data, Yanga peke yao ndo wanaposti? Ukihesabu meseji za siku hiyo utasema Simba imeishiwa mashabiki. Hawajahama, wamenyamaza tu, na wiki mbili mbele utawaona wamerudi na kelele zao.

Na hicho ndo kitu cha kwanza nataka ukishike: sehemu kubwa ya "anguko" tunaloliona kwenye kura za maoni baada ya mgombea kuboronga ni watu wake kukaa kimya kwa muda, wala siyo kwamba wamehamia upande wa pili. Marekani ya sasa watu wamejigawa kwelikweli, mtu wa Democratic kumpigia Republican ni kazi, na wanaoweza kuhama ni kagrupu kadogo ambako wengi wao hata habari za siasa hawafuatilii, yaani hata hiyo klipu yenyewe hawakuiona.

Kwa hiyo makosa hayana madhara? Hapana, yana madhara ila yanapita njia nyingine. Rudi 1976 nikuonyeshe njia moja. Gerald Ford alikuwa rais, anagombea na Jimmy Carter, na alikuwa ameanza nyuma vibaya sana, kiangazi kile Carter alimwacha kwa zaidi ya pointi 30 kwenye Gallup, lakini Ford akawa anapanda kidogokidogo. Tarehe 6 Oktoba wakakutana San Francisco kwenye mdahalo wa mambo ya nje, na mwandishi wa New York Times, Max Frankel, akamuuliza kuhusu Wasovieti na Ulaya. Ford akasema hakuna utawala wa Wasovieti juu ya Ulaya Mashariki, na wala hautakuwepo chini ya serikali yake. Mwaka 1976 hiyo! Majeshi ya Urusi yamejaa Poland, Hungary, Czechoslovakia. Frankel mwenyewe akashangaa, akampa nafasi ya kujirekebisha, jamaa akazidi kukazia, akataja Wayugoslavia, Waromania na Wapolandi kwamba hawajioni kama wanatawaliwa.

Cha ajabu ni hiki. Waliohojiwa usiku uleule, mara tu mdahalo ulipoisha, wengi walisema Ford ndo kashinda. Watu wa kawaida hawakuliona kosa! Ilichukua usiku mmoja na asubuhi moja ya magazeti na televisheni kuwaambia kwamba rais kachemka, na ilipofika kesho yake jioni namba zimepinduka kabisa, Carter ndo mshindi wa mdahalo kwa mbali. Afu Ford akazidisha mwenyewe kwa ubishi, zilipita siku kadhaa ndo anakubali kwamba alikosea, na siku zote hizo habari ni hiyohiyo tu wakati yeye alikuwa anataka waongelee mambo mengine. Kura ilipopigwa alishindwa kwa pointi mbili tu, 50.1 kwa 48. Kwa mwendo aliokuwa anapanda nao, siku zile alizopoteza akijibu habari za Poland zilikuwa ghali mno. Siwezi kukuapia kwamba bila kosa lile angeshinda, hakuna mtu anayeweza kuapa hivyo, lakini ukiniuliza madhara ya kosa yapo wapi nitakwambia yapo hapo: muda. Kampeni ina siku chache, na kila siku unayoitumia kueleza ulimaanisha nini ni siku ambayo mpinzani wako anapumzika.

Haya, Trump sasa. Ile sauti ya Access Hollywood, kipindi cha televisheni, ilirekodiwa 2005, ikatolewa na Washington Post tarehe 7 Oktoba 2016. Wakubwa wa chama chake walikimbia, John McCain akasema hamuungi mkono tena, Paul Ryan aliyekuwa spika akawaambia wabunge wenzake yeye hatamtetea. Katikati ya Oktoba Hillary Clinton alikuwa mbele kitaifa kama pointi 6 au 7 kwenye wastani wa kura za maoni. Watu wakasema kwisha habari yake. Ila cheki kalenda, ule mwezi mmoja uliobaki ulitosha Warepublican kurudi nyumbani mmoja mmoja, hawakumpenda lakini Hillary ndo hawakumtaka kabisa, na tarehe 28 Oktoba mkurugenzi wa FBI James Comey akatuma ile barua kwa bunge kuhusu barua pepe za Hillary, basi siku 11 za mwisho habari ikawa ya Hillary siyo ya Trump tena. Mwisho pengo kwenye kura za maoni likawa pointi tatu na kitu.

Kingine, sauti ile haikumwambia Mmarekani jambo jipya kuhusu Trump. Walimjua miaka 30 kwenye magazeti ya udaku ya New York, kwenye televisheni, ndoa zake, maneno yake. Aliyekerwa alikuwa ameshakerwa zamani. Linganisha na Romney, yeye Wademokrat walikuwa wametumia kiangazi kizima kumchora kama tajiri wa mitaji asiyejali wafanyakazi, sasa yeye mwenyewe anakuja kuthibitisha kwa mdomo wake. Au Hillary, ambaye 9 Septemba 2016 alisema nusu ya wanaomuunga mkono Trump ni wa kutupwa kwenye kapu la watu wasiofaa, na huku tayari watu wa mikoani wanamwona ni mtu wa dharau.

Na hebu ona jambo ambalo halisemwi sana: Romney alikuwa anaongea na wachangiaji wa hela. Hillary naye siku ile alikuwa anaongea na wachangiaji, New York. Obama, Aprili 2008, aliposema watu wa miji midogo ya Pennsylvania wana uchungu na ndo maana wanang'ang'ania bunduki na dini, alikuwa San Francisco, na wachangiaji vilevile. Mgombea akikaa na wenye hela anapewa swali moja, "mbona hawa watu wengine hawakupendi?", na hapo anajikuta anawaeleza wenye nacho kuhusu wasio nacho, kwa lugha ambayo kwenye jukwaa asingethubutu. Mimi hayo ndo naita makosa yenye sumu, kuliko kuteleza ulimi kwa kutaja jina la mji vibaya ambako kunachekwa siku moja kunaisha. Ila hata hiyo sumu haiui peke yake, Obama wa 2008 alishindwa mchujo wa ndani ya chama Pennsylvania na Novemba akachukua nchi, maana uchumi ulikuwa umeanguka mikononi mwa chama kilichokuwa madarakani na hamna kauli inayoshindana na hilo.

Biden ni kesi tofauti, na hapa ndo kura za maoni zinatoka kwenye kupima mchezo zinaingia kucheza. Tarehe 27 Juni 2024, Atlanta, kwenye CNN, sauti imekauka, sentensi hazifiki mwisho, mahali fulani akamalizia jibu kwa kusema hatimaye tumeishinda Medicare, ambayo ni bima ya afya ya wazee, yaani kitu ambacho chama chake ndo kinajisifia nacho. Ukiangalia namba baada ya pale hakuporomoka sana, utafiti wa New York Times na Siena ulionyesha pengo la Trump limeongezeka pointi tatu, likawa 49 kwa 43. Pointi tatu tu! Lakini waliozisoma hizo pointi tatu hawakuwa wapigakura, walikuwa wachangiaji, wabunge wanaogombea viti vyao, na viongozi wa chama, na hawa hawahitaji pointi 12 kuogopa. Mbunge wa Texas Lloyd Doggett akatangulia hadharani 2 Julai kumwomba ajitoe, wengine wakafuata, wachangiaji wakafunga pochi, na 21 Julai Biden akatangaza hagombei. Na kumbuka kura za maoni zilikuwa zinasema mwaka mzima kwamba wengi, hata Wademokrat wenyewe, wanaona kazeeka mno. Mdahalo ulithibitisha hilo mbele ya watu milioni 50.

Zina mamlaka hata rasmi hizi namba. Kamati iliyoandaa midahalo ya urais kwa miaka mingi iliweka sharti la asilimia 15 kwenye kura za maoni za kitaifa, usipofika huingii ukumbini, na CNN 2024 nao wakatumia asilimia 15, Robert Kennedy Junior, mgombea binafsi, akabaki nje. Ross Perot, tajiri aliyegombea nje ya vyama viwili vikubwa, 1992 aliruhusiwa kwenye midahalo akapata karibu asilimia 19 ya kura, 1996 akaachwa nje akapata chini ya nusu ya hizo. Namba zinaamua pia hela iende wapi na mgombea aende wapi. Hillary 2016 hakukanyaga Wisconsin hata mara moja baada ya kupitishwa na chama, maana namba zilisema jimbo ni lake. Akalipoteza kwa kura 22,000 na ushee.

Tukifika hapo tuongee imani. Watu wanasema 2016 kura za maoni zilikosea, lakini za kitaifa hazikukosea sana, zilimpa Hillary kama pointi tatu na alishinda kura za wananchi kwa pointi mbili. Tatizo ni kwamba rais wa Marekani hapatikani kwa kura za wananchi wote, anapatikana kwa kura za wajumbe jimbo kwa jimbo, na majimbo matatu, Pennsylvania, Michigan na Wisconsin, yaliamuliwa kwa jumla ya kura kama 78,000. Kwenye majimbo hayo tafiti nyingi hazikusawazisha sampuli kwa kiwango cha elimu. Waliosoma chuo wanapenda kujibu maswali kuliko wasiosoma, na mwaka ule wasiosoma chuo, hasa wazungu, walikuwa wa Trump. Kosa la kiufundi kabisa, siyo njama.

Wakalirekebisha, na 2020 wakakosea zaidi! Wastani ulimpa Biden pointi nane, akashinda kwa nne na nusu. Kuna utafiti mmoja wa Wisconsin, wa taasisi zenye heshima zake, ulimpa Biden pointi 17 mwishoni mwa Oktoba, jimbo akalipata kwa chini ya pointi moja. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba asiyeamini taasisi yoyote hajibu simu ya taasisi yoyote, hata ukimsawazisha kwa elimu na umri na rangi, yule msomi au asiye msomi aliyekubali kuongea na wewe dakika 15 ni tofauti na jirani yake aliyekukatia. Mwaka 1997 Pew wakipiga simu walipata ushirikiano wa asilimia 36, kufikia 2018 ni asilimia 6. Watu 94 kati ya 100 hawapo, na wewe unakisia wangesema nini.

Kwa hiyo usanii hapana, ni kazi ya kweli inayofanyika kwenye mazingira magumu, na ugumu wake hausomeki kwenye kale kanamba kadogo ka "kosa la pointi tatu" wanakoandika chini. Hako kanahesabu bahati nasibu ya sampuli tu, hakahesabu waliokukatia simu. Afu ni ka kila mgombea, ukitaka kujua pengo baina ya wawili linaweza kuyumba kiasi gani, zidisha karibu mara mbili. Mtu akikwambia fulani anaongoza 48 kwa 46 Pennsylvania, amekwambia hajui nani anaongoza.

Mfano wa karibuni ni Iowa 2024. Ann Selzer, mtafiti aliyeheshimika kuliko karibu wote, 2016 na 2020 alimwona Trump anashinda jimbo lile wakati wengine wanasitasita, safari hii siku tatu kabla ya uchaguzi akatoa Kamala Harris, aliyechukua nafasi ya Biden, 47, Trump 44, kwa watu 808 aliowahoji. Mitandao ikawaka, watu wakapanga na majimbo ya jirani kwamba Harris anazoa. Trump akalichukua kwa pointi 13. Wiki hiyohiyo ndo ilikuwa habari ya takataka: mchekeshaji kwenye mkutano wa Trump Madison Square Garden kaiita Puerto Rico kisiwa cha takataka, wote wakasema Walatino wa Pennsylvania wamepotea pale, afu Biden katika kumjibu akaonekana kawaita wafuasi wa Trump takataka, na Trump akapanda gari la taka na kizibao cha rangi ya machungwa kule Green Bay. Pennsylvania alishinda kwa pointi 1.7, na kura zake kwa Walatino nchi nzima zilipanda kuliko 2020.

Namba moja ya jimbo moja ukitumiwa kwenye grupu 2028, uliza walihoji lini, kabla au baada ya hilo kosa linalotrendi, walihoji wangapi, waliwapataje, na mgombea aliyechemka watu wake walikuwa bado wanapokea simu au walikuwa wameshanuna. Kisha subiri wiki mbili uangalie wastani wa tafiti nyingi, ukikuta pengo bado lipo ndo uanze kuamini kwamba kosa limeuma.